Sofa la L limeziba njia ya korido, na mama mkwe yuko njiani

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tabata katika nyumba ya kupanga. Mwaka huu tulipogawana fedha za kikoba nilipata fungu langu, nikaona sasa ni wakati wa kuyaaga makochi yetu ya zamani, lile la watu watatu na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, ambayo sponji yake ilishalala kabisa. Nikaenda kwa fundi nikaagiza sofa la L kwa shilingi 1,300,000. Kitambaa ni mahameli ya kijivu, upande mrefu futi 9, upande mfupi futi 7 ukipima kuanzia kwenye kona, na kina chake futi 3.

Nia yangu ilikuwa upande mrefu ukae kwenye ukuta mtupu, na ule mfupi ukae chini ya dirisha kubwa. Nikamwambia fundi, "Upande mfupi uwe kulia." Mimi nilifikiria kulia kwa mtu aliyekaa. Yeye akachukua kulia kwa mtu aliyesimama analitazama sofa. Lilipoletwa ndipo tukagundua. Fundi anasema alifanya alichoambiwa, na kubadilisha ni hela nyingine.

Sebule yetu ina futi 11 kwa 14. Ukisimama kwenye mlango wa mbele ukatazama ndani, mlango uko mwisho wa ukuta kwa upande wa kushoto, na unafunguka kuegemea ukuta wa kushoto. Huo ukuta wa kushoto ndio wenye soketi na TV ya inchi 43, na mwisho wake kabisa kuna mlango wa korido ya kwenda vyumbani na jikoni. Mbele yako unaona dirisha kubwa linalotazama magharibi. Ukuta wa kulia hauna kitu. Na kwenye ukuta wa mlango wenyewe kuna dirisha dogo la barazani.

Kwa kuwa sofa limetoka kinyume, tumeuweka upande mrefu chini ya dirisha kubwa, na ule mfupi ukafuata ukuta wa kulia. Pa kupita kwenda korido pamebaki futi 2. Nikibeba sinia la chakula napita ubavu. Mwanangu mdogo ameshajigonga kichwa kwenye mkono wa sofa. Jua la kuanzia saa tisa mchana linapiga mahameli mgongoni. Mume wangu analalamika shingo, kwa sababu ukikaa upande mrefu TV inakuwa pembeni. Yeye anasema tuliuze tu mtandaoni, turudishe makochi yaleyale, bado yako kwa mdogo wake.

Kubwa kuliko yote, mama mkwe anakuja kutoka Tanga, atakaa nasi mpaka baada ya Idi. Magoti yanamsumbua. Juzi alikuja bibi jirani kutusalimia, akakaa kwenye sofa, na kuinuka ikabidi tumshike mkono watu wawili. Sitaki mama mkwe apate shida hiyo kwenye nyumba ya mwanawe.

Shangazi, niliuze? Na nikilibakiza nilipange vipi? Nimenunua mito saba ya rangi mbalimbali na bado sebule inaonekana kama stoo.

Mama wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usiliuze. Sofa lako ni zima, na linaenea kwenye sebule yako vizuri tu. Limewekwa kona isiyo yake. Watu wengi tukinunua sofa la kona tunakimbilia kona ya mbali, ile inayotazamana na mlango, kana kwamba chumba kina kona moja. Kona iliyo jirani na mlango wa kuingilia hatuifikirii kabisa, na kwako ndiyo yenyewe.

Simama mlangoni tena kama ulivyonielekeza. Kulia kwako, pale ukuta wa mlango unapokutana na ukuta mtupu, ndipo kona ya sofa iingie. Upande mrefu wa futi 9 uegemee ukuta mtupu, utazamane na TV. Upande mfupi wa futi 7 uupe mgongo ukuta wa mlango, chini ya dirisha la barazani. Ukikaa upande mrefu hapo, upande mfupi unakuwa mkono wako wa kushoto, na hivyo ndivyo fundi alivyolitengeneza. Lile kosa la kulia na kushoto linakuwa halina athari tena.

Hesabu yake ni hii. Ukuta wa mlango una futi 11. Ukitoa 7 za sofa zinabaki 4, na mlango wa kawaida pamoja na fremu yake huchukua futi 3 na kitu. Kwa hiyo sofa linaishia kabla ya fremu, na kwa bahati nzuri mlango wako unafunguka kuelekea upande wa pili. Mtu akiingia anakuta njia nyeupe mbele yake, moja kwa moja kwa kufuata ukuta wa TV mpaka mlango wa korido. Njia kuu ya ndani ya nyumba inataka futi 3, yaani kama sentimita 90, ili mtu mwenye sinia au mwenye mtoto mgongoni apite bila kujipinda. Wewe utapata zaidi ya hizo, na pale penye mlango wa korido, palipobanwa na futi 2, patakuwa wazi kabisa.

Ni kweli anayepita atapita mbele ya TV. Kwa sebule ambayo milango yote miwili iko upande wa TV hilo halikwepeki, na ni sekunde mbili tu. Sasa hivi mnapita juu ya magoti ya watu.

Kabla hujaita vijana wa kunyanyua, chukua futi kamba upime chini sakafuni, kuanzia ukuta wa kulia hadi ukingo wa fremu ya mlango. Namba hiyo lazima izidi futi 7, na usipime juu ukutani, maana fremu na ile marumaru ya kuzungushia chini ya ukuta hula inchi moja hapa na nyingine pale. Kisha tandika magazeti sakafuni kwa umbo la sofa, futi 9 kwa 7, upana wa futi 3. Fungua mlango mpaka mwisho. Beba sinia, pita. Mwite na baba watoto akae kwenye kigoda palepale patakapokuwa upande mrefu aitazame TV. Magazeti yatakuonyesha kila kitu kabla mgongo wa mtu haujauma.

Na likihamishwa, lisiburutwe. Masofa mengi ya L huwa ni vipande viwili vilivyoungwa kwa chini, ama kwa bolti ama kwa ndoano za chuma. Inua kitambaa cheusi kilichopigiliwa chini ya kona, utaona maungio. Vifunguliwe kwanza, kila kipande kibebwe peke yake, viungwe tena kikishafika mahali pake. Sofa la L likisukumwa zima huvutana pale kwenye kona, fremu ikaachia, na baada ya miezi michache utaanza kusikia mbao zinalia mtu akikaa.

Sasa tuje kwa mama, maana ndipo barua yako iliponishika zaidi.

Sofa la L, hata liwe zuri kiasi gani, si kiti cha mtu mzima mwenye magoti. Angalia lako lilivyo. Kina ni futi 3. Ukitoa mgongo wa sofa, mahali pa kukalia panabaki labda inchi 24. Mama akikaa akaegemea, miguu haigusi chini vizuri. Akitaka kuinuka inambidi kwanza ajisogeze mbele, na hana cha kushika, kwa sababu sofa la L lina mikono miwili tu, mmoja kila mwisho. Bibi jirani yako hakuwa na udhaifu wowote wa ajabu, kile kiti ndicho kilichomnyima pa kushikilia.

Kwa mama tafuta kiti chake peke yake. Kiwe na mikono ya mbao iliyo imara na inayofika mbele, urefu wa kukalia kutoka sakafuni inchi 18 hadi 20, kina cha kukalia kisizidi inchi 20, na sponji ngumu isiyozama. Huna haja ya kununua kipya. Umesema makochi yenu ya zamani yako kwa shemeji yako. Omba kile kiti kimoja kirudi. Mwite fundi abadilishe sponji na kitambaa, na kama kimekaa chini sana aongeze miguu ya mbao inchi 2 au 3. Kwa kiti kimoja hiyo ni kazi ndogo, na mafundi wa kuifanya wako tele, kuanzia Keko mpaka hapohapo mtaani kwenu. Mwambie akuwekee sponji nzito, ile ambayo ukiibonyeza kwa ngumi inakurudisha mara moja. Na baba watoto naye atafurahi kuona makochi yake hayakutupwa.

Kiti hicho kiweke kwenye kona ya mbali upande wa kulia, kati ya ukuta mtupu na dirisha kubwa. Upande mrefu wa sofa unaishia futi 9, na ukuta una 14, kwa hiyo una futi 5 za kukiweka bila kubana. Kigeuze kidogo kitazame katikati ya chumba. Hapo mama atakuwa na hewa ya dirishani, hakuna mtu atakayepita nyuma yake, na kila anayebisha hodi atamwona usoni akiwa amekaa. Watu wazima wetu wanapenda kukaa mahali wanapoona mlango, na wanastahili.

Kuna jambo lingine ambalo anayeuza sofa hawezi kukuambia. Sofa la L linawakalisha watu wote kwenye kochi moja, bega kwa bega, na kwetu si kila mtu anakaa bega kwa bega na kila mtu. Akija baba mkwe, kwa makabila yetu mengi hataki kukaa kochi moja na mkaza mwana wake, na wewe mwenyewe hutaki. Akija shehe au mchungaji, akija mjumbe wa posa, huyo anahitaji kiti kinachosimama peke yake. Ndiyo maana yale makochi ya zamani ya tatu, moja na moja yaliingia kila nyumba: yalijua heshima zetu. Ukiweka sofa la L, bakiza angalau kiti kimoja cha pekee, iwe una mama mkwe mgonjwa wa magoti au huna. Tena kinafunga mduara. Watu wa upande mrefu, wa upande mfupi na wa kile kiti wanaonana nyuso, maongezi yananoga hata TV ikizimwa.

Kwa shingo ya baba watoto, upande mrefu sasa utatazamana na TV ana kwa ana. Sogeza stendi ili katikati ya TV iwe usawa wa katikati ya sehemu ya kukalia ya upande mrefu, ukiitoa kona ya futi 3, kwa makadirio yangu futi 6 kutoka kwenye ukuta wa mlango. Kutoka macho ya aliyekaa hadi kwenye kioo itakuwa kama futi 8 na nusu, umbali mzuri kwa inchi 43. Kama mmeipigilia TV juu ukutani, ishusheni. Katikati ya kioo kuwe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, inchi 40 hadi 45 kutoka sakafuni. TV zetu nyingi zinaning'inia juu kama picha ya rais, halafu tunalaumu makochi kwa maumivu ya shingo.

Meza kubwa ya kioo katikati usinunue. Una mtoto mdogo ambaye ameshajigonga mara moja. Chukua stuli ndogo, zile za kuingiliana tatu au nne, zenye pembe za mviringo. Kwenye sofa la L anayekaa konani ndiye anayepata tabu: hana pa kuweka kikombe, na magoti yake yanagongana na ya jirani. Wageni wakija, stuli moja isogezwe karibu na kona, nyingine kwa mama. Siku za kawaida zirudi ndani ya nyingine na watoto wapate uwanja. Ukiweka chochote mbele ya sofa, acha inchi 14 hadi 18 kati yake na ukingo wa kukalia, mguu upite na mkono ufike kwenye kikombe. Nikwambie pia, kwenye hesabu ya wageni ile kona usiihesabu kama kiti kamili. Ni mahali pa mtoto, au pa baba watoto kunyoosha miguu saa tatu usiku wageni wakishaondoka.

Zulia chukua la futi 5 kwa 8. Urefu wa 8 ufuate upande mrefu wa sofa. Liingize futi moja chini ya sofa pande zote mbili, miguu ya mbele isimame juu yake. Hapo sofa na sakafu vinashikamana, na sebule inaacha kuonekana kama vitu vilivyomwagwa. Kipimo hicho kitaishia usawa ambapo upande mfupi unaishia, kwa hiyo njia ya kutoka mlangoni hadi korido inabaki marumaru tupu. Usinunue kubwa zaidi ukalifikisha njiani. Mlango utalisaga kila siku, pembe zitakunjika, na pembe ya zulia iliyokunjika ndiyo inayomwangusha mtu mwenye magoti mabovu. Waya wa ekstensheni nao usiupitishe chini ya zulia, unakanyagwa, unachubuka, na moto unaanzia huko.

Mahameli na jua la magharibi haviishi pamoja. Kwa kona mpya sofa limeliacha dirisha kubwa, lakini jua la jioni linafika mbali, kwa hiyo pazia la dirisha hilo litiwe bitana na lifungwe kuanzia saa tisa. Pazia la dirisha la barazani lifupishe liishie kwenye kizingiti cha dirisha, lisizame nyuma ya sofa likakusanya vumbi. Na sofa lisigande ukutani. Acha inchi 2 au 3 nyuma yake pande zote mbili. Dar es Salaam yetu ina unyevu, hasa wakati wa masika, na kitambaa kilichobanana na ukuta kinaota ukungu mweusi ambao hutauona mpaka siku ya kuhama. Hapohapo nyuma ndipo utakapoona mapema kama mchwa wameanza kupanda kwenye fremu. Mahameli isafishwe kwa brashi laini kufuata malazi ya manyoya yake, na mtoto akimwaga juisi ikandamize kwa kitambaa kikavu, usisugue.

Umenitajia mito saba. Punguza ibaki mitano. Sofa lenye mito mingi linamlazimisha mgeni abebe mto mapajani au auweke chini, na yote mawili ni karaha. Katika saba ulizonazo chagua rangi mbili tu, na kijivu cha sofa kiwe ya tatu. Miwili mikubwa ya inchi 20 ikae konani, iegemeane, kwa sababu kona ndiyo yenye shimo na ndiyo inayotaka kujazwa. Mmoja uende mwisho wa upande mfupi, miwili mwisho wa upande mrefu. Katikati paache patupu.

Kama rangi ulizonazo hazielewani, usirudi dukani. Chukua kanga. Upande mmoja wa kanga unatoa foronya tatu za inchi 18, mbele na nyuma, ukizipanga vizuri kabla ya kukata. Kijivu kinapendana sana na kanga nyekundu na nyeupe, au ya manjano iliyokolea. Ila soma jina lake kwanza. Kanga ya kuchambana inafaa ulikoinunulia, haifai kumkabili mama mkwe na mawifi sebuleni, kila mmoja akijiuliza aliyelengwa ni nani. Chagua ya dua au ya shukrani, na ukiweza liache jina lionekane kwenye mto wa konani.

Vitambaa vya kufuma, kama unavyo, usivitandaze kwenye mgongo wa sofa la L. Kwenye makochi ya zamani vilikaa kwa sababu kila kiti kilikuwa na mgongo wake. Hapa vitateleza kila mtu akiegemea, na utashinda unavinyoosha. Vitandike juu ya stuli na kwenye stendi ya TV, vitaonekana na kazi ya mikono itaheshimika. Kimoja kiende kwenye mgongo wa kiti cha mama. Atakijua.

Ukuta mtupu ulio juu ya upande mrefu unataka kitu kimoja kikubwa, si vipicha sita vilivyotawanyika. Picha ya harusi, au mkeka wa ukili wa rangi uliosukwa vizuri, upana wake kama theluthi mbili ya sofa ukiweza. Ukingo wa chini uwe inchi 6 hadi 8 juu ya mgongo wa sofa. Ukiupandisha zaidi, kinaelea, sofa na picha vinaonekana havijuani. Na kwenye kona weka taa ndogo ya kusimama yenye mwanga wa njano. Taa ya tyubu ya katikati ya dari inamulika utosi wa watu na kuiacha kona gizani.

Neno kwa wengine mnaosoma na mnaotaka kuagiza sofa la L. Msimwambie fundi kulia wala kushoto. Chora chumba kwenye karatasi, weka milango, madirisha na soketi, chora sofa ndani yake, andika futi za kila upande. Wewe na fundi muweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala au apige picha kwa simu. Na ukiwa mpangaji kama huyu dada, mwambie fundi atengeneze vipande vitatu, upande mrefu, kona na upande mfupi, vinavyoungwa kwa bolti pande zote, ili kona iweze kuhamia kulia au kushoto. Nyumba utakayohamia hujui mlango wake uko wapi. Ngozi ya bandia muikwepe, hata kama muuzaji anasema inafutika kirahisi. Kwenye joto na unyevu wa pwani inaanza kubanduka vipande vipande, na mchana inakung'ang'ania mapajani.

Mwanangu, nimekupa mengi na najua fedha ya kikoba imeshaisha. Kuhamisha sofa hakuna gharama zaidi ya soda za vijana, kwa hiyo lifanye wiki hii. Fedha ya kwanza utakayoipata iende kwenye sponji na miguu ya kiti cha mama, kabla hajapanda basi kutoka Tanga. Pazia lifuate. Zulia, taa na stuli vinaweza kungoja mpaka baada ya Idi, na kwa wakati huo mama mwenyewe atakuwa ameshakwambia kama pale ulipomkalisha panamfaa.

Shangazi